Mizani ya Mkandarasi na Jasho la Mfugaji Mdogo



Ziko dhuluma zinazopigiwa kelele, na ziko zinazopita kimya kwa sababu zimevikwa vazi la maendeleo. Tunayotaka kuisema hapa ni ya aina hiyo ya pili. Hufanywa kwa trekta, kwa mashine ya kukata majani, na kwa hesabu ambayo mwenye shamba haonyeshwi.

Katika nyanda za juu za Kenya, kutoka Kiambu, Murang'a na Nyandarua hadi Meru, Nandi na Uasin Gishu, familia nyingi huishi kwa maziwa ya ng'ombe wawili au watatu. Shamba ni ekari moja au mbili, na pengine pungufu ya hapo. Maziwa ya asubuhi hupelekwa kwenye chama cha ushirika. Ya jioni hunywewa nyumbani na kuuzwa kwa jirani. Fedha hizo ndizo karo, ndizo sabuni na mafuta, ndizo dawa ya mtoto anayekohoa usiku. Wafugaji wa namna hii, walio wadogo kwa ardhi na wengi kwa idadi, ndio wanaotoa sehemu kubwa ya maziwa ya nchi nzima.

Adui yao wa kila mwaka ni kiangazi. Mvua fupi zikiisha Desemba, kuanzia Januari hadi Machi majani hukauka, maziwa hupungua, na mwenye pesa hununua nyasi kwa bei atakayotajiwa. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022, mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu katika sehemu kubwa za nchi, ulitufundisha upya jambo ambalo wazee walilijua: asiyeweka akiba ya malisho hana mifugo, ana maiti zinazotembea.

Ndiyo maana saileji imekuwa wokovu kwa wengi. Majani ya nepia, nyasi ya Boma Rhodes au mahindi machanga hukatwa vipande vidogo, hushindiliwa shimoni hadi hewa itoke, hufunikwa kwa nailoni na kuachwa yavundike. Yakikosa hewa, sukari iliyomo hugeuka kuwa asidi, na asidi hiyo huyahifadhi majani kwa miezi mingi. Huu si uchawi wala si siri ya matajiri. Lakini ni kazi nzito inayotaka kumalizika kwa siku moja au mbili, na mjane mwenye panga peke yake haiwezi. Hapo ndipo anapoitwa mkandarasi.

Hatuipingi mashine

Tuseme wazi ili tusisingiziwe. Mashine ni baraka. Imewapunguzia akina mama mizigo ya majani iliyokuwa ikiwapinda migongo. Mkandarasi naye ni mtu mwenye haki zake: amekopa benki, ananunua dizeli, analipa dereva na vibarua. Anastahili ujira wake, na ampunjaye anatenda dhambi ileile tunayoilaani hapa. Ugomvi wetu ni juu ya masharti ya kazi, kwa kuwa masharti hayo yamewekwa na upande mmoja, hayakuandikwa popote, na kila hasara inayotokea humwangukia aliye mnyonge zaidi.

Kila kipimo kina upande wake

Tuanze na malipo. Mkandarasi akilipwa kwa saa, mashine butu humfaidi. Akilipwa kwa ekari, haraka humfaidi, hata kama anaacha vipande virefu ambavyo haviwezi kushindiliwa. Akilipwa kwa tani, maji humfaidi. Tulitazame hili la tani kwa makini, maana ndilo linalowapoteza wengi.

Nepia changa ina maji mengi. Chukua kilo 100 zilizokatwa asubuhi. Huenda chakula kikavu kilichomo ni kilo 18 tu, na kilo 82 zilizobaki ni maji. Saileji nzuri hutaka majani yanyaushwe kwanza, hadi maji yawe kama sehemu 70 katika 100. Zile kilo 100 zikinyaushwa hivyo, zitapima kilo 60. Chakula cha ng'ombe ni kilekile kilo 18, hakikuongezeka wala hakikupungua. Sasa tuulize: mkandarasi atapima lini? Akipima kabla ya kunyausha, mfugaji amelipia kilo 40 za maji ambayo Mungu aliyatoa bure. Na akiyasukuma majani shimoni yakiwa mabichi hivyo hivyo, mfugaji amedhulumiwa mara mbili: amelipia maji, kisha maji hayohayo yatachuruzika na sehemu ya rutuba na kuiozesha saileji.

Tena mara nyingi mizani yenyewe haipo. Tani hukisiwa kwa jicho, na jicho hilo ni la yule anayelipwa. Lakini mfugaji anaweza kujitetea kwa futi kamba ya fundi nguo. Shimo la mita 4 kwa mita 2, lenye kina cha mita 1, lina ujazo wa mita 8. Katika shimo dogo linaloshindiliwa kwa miguu na kwa pipa lililojaa maji, kila mita moja ya ujazo hubeba kilo 500 hivi. Basi shimo zima lina tani 4 hivi. Mkandarasi akidai malipo ya tani 6, aulizwe kwa adabu: zile tani mbili nyingine amezishindilia wapi?

Majani hayangoji

Dhuluma ya pili ni ya wakati. Nepia hufaa kukatwa ikiwa na urefu wa mita moja hivi. Ikiachwa, shina huwa gumu kama mti, sukari na protini hupungua, na ng'ombe huitafuna bila kupata maziwa ndani yake. Mkandarasi huanza kwa mwenye ekari 50, kisha wa ekari 20, kisha wa 10. Mwenye nusu ekari huambiwa "kesho", na hiyo kesho huzaa kesho nyingine hadi majani yakomae. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Siku mashine inapofika, bei haijapungua hata senti moja, ijapokuwa kilichokatwa kimekuwa kuni.

Hasara ni ya nani?

Dhuluma ya tatu ndiyo kubwa. Shimo la saileji hufunguliwa baada ya wiki nne au zaidi. Kazi ikiwa mbaya, yaani vipande virefu, mashindilio hafifu, nailoni iliyotoboka, ubaya huo hauonekani siku ya malipo. Huonekana siku ya njaa. Mfugaji hufunua shimo akitarajia harufu ya uchachu mzuri na rangi ya kijani iliyokolea unjano. Hukuta weusi, uvundo na ukungu. Mkandarasi amekwisha kulipwa na simu haipokelewi.

Na ubaya hauishii kwenye mfuko. Baadhi ya ukungu unaoota katika malisho hutoa sumu, kama vile aflatoksini, na ng'ombe akiila, sehemu ya sumu hiyo hupita katika maziwa. Maziwa hayo hunywewa na mtoto wa mfugaji na mtoto wa mjini vilevile. Kwa hiyo kazi mbovu ya mtu mmoja katika shimo moja ni jambo la jamii nzima.

Hatuwezi pia kuwasahau vibarua wanaoilisha mashine majani kwa mikono. Visu vinazunguka, kinga imeondolewa ili kazi iende haraka, na kijana wa miaka 17 amesimama pale bila glavu wala viatu vya maana. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipe mfanyakazi anapoumia. Mkandarasi husema kijana ni wa mwenye shamba. Mwenye shamba husema ni wa mkandarasi. Katikati ya maneno hayo mawili mkono wa mtu hukosa mwenyewe.

Wanaosema "soko ni huru"

Tunajua tutakavyojibiwa. Wako watakaosema: "Hakuna aliyelazimishwa. Bei usipoipenda, kataa." Twajibu: uhuru wa kukataa ni wa mwenye ghala lililojaa. Anayepatana bei huku wingu limetanda na majani yanakomaa hapatani, anasalimu amri.

Wengine watasema kwamba wakulima wadogo wamepitwa na wakati, wauze mashamba kwa wenye uwezo. Maneno haya si mapya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 tuliambiwa serikali ijitoe katika huduma za mifugo, na soko lingejaza pengo. Huduma ya upandishaji kwa mirija iliachiwa watu binafsi, na waliokaa mbali na barabara ndio waliokosa. Mwaka 1992 biashara ya maziwa ilifunguliwa. Kenya Cooperative Creameries, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilianguka kabla ya muongo huo kwisha, wafugaji wengi wakibaki wanadai malipo ya maziwa yao, hadi serikali ilipoichukua tena na kuifufua mwaka 2003. Katika misukosuko hiyo yote, ni nani aliyeendelea kukamua kila alfajiri? Ni huyohuyo mdogo anayeambiwa leo kwamba hafai.

Mkandarasi naye atasema kwamba kupeleka trekta kwenye nusu ekari ni hasara. Hoja hii ina ukweli, na inastahili jibu la kweli. Nusu ekari moja ni hasara. Nusu ekari kumi za mteremko mmoja, zilizo tayari siku moja, ni ekari tano za kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wajibu wa kuzikusanya nusu ekari hizo ni wetu wafugaji, na chombo cha kuzikusanya tunacho: chama cha ushirika.

Lakini na chama nacho tukitazame bila woga. Mahali pengi gharama ya mkandarasi hukatwa moja kwa moja katika malipo ya maziwa. Mpango huo ni mzuri ukiwa mkulima ametia sahihi akijua kiasi. Ni wizi ukiwa amekatwa kwanza na kuambiwa baadaye. Na kiongozi wa chama aliye na hisa katika mashine inayopewa kazi na chama, huyo ameketi pande zote mbili za meza. Achague upande mmoja.

Tunalodai

1. Kazi isianze bila karatasi. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, eneo, bei, urefu wa vipande, nani ananunua nailoni, nani anashindilia.

2. Upimaji ufanyike baada ya kunyausha, kwa mizani iliyokaguliwa kisheria au kwa kupima ujazo wa shimo, wote wawili wakitazama.

3. Sehemu ya malipo ibaki hadi shimo lifunguliwe. Saileji ikioza kwa kosa la mkandarasi, fedha hiyo isilipwe. Ikiwa kosa ni la mfugaji aliyeacha nailoni itoboke, ilipwe yote bila hila.

4. Zamu ya kukata ifuate ukomavu wa majani, isifuate ukubwa wa shamba.

5. Mashine isiyo na kinga isiingie shambani, na mtoto asiikaribie.

6. Makato yoyote ya maziwa yawe na sahihi ya mwenye ng'ombe.

Madai haya si ndoto. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, ya kupewa maelezo, na ya kufidiwa anapopata hasara kwa sababu ya huduma mbovu. Mfugaji anayemlipa mkandarasi ni mtumiaji kama yule anayenunua redio mjini. Aidha, Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi ikatwe ndani ya siku 60. Lakini mahakama huuliza ushahidi, na aliyepatana kwa mdomo hana cha kuonyesha. Ndiyo sababu tumeiweka karatasi kuwa dai la kwanza.

Basi, ndugu mfugaji, usingoje mvua ijayo. Katika mkutano ujao wa chama chako simama uulize maswali matatu: Nani alipima? Nani alitia sahihi? Nani atabeba hasara? Usiulize peke yako. Nenda na majirani tisa. Viongozi wakikosa jibu, mkutano usifungwe hadi tarehe ya kulileta iandikwe katika kumbukumbu. Nawe mkandarasi mwema, ambaye tunajua uko, usiyaogope maneno haya. Mizani ya haki haimnyang'anyi mtu ujira wake. Humwondolea tu yale maji.