Meno Yanayokawia kwa Mtoto Mwenye Hali ya Down



Mama mmoja wa Eastleigh ametuletea swali. Mwanawe wa miezi 16 amezaliwa na hali ya Down, na kinywani hamjachomoza jino hata moja. Mkunga wa mtaani ameona uvimbe mweupe kwenye ufizi, akasema ni meno ya mbweha, ambayo Wasomali huyaita ilko dacowo na jirani zetu wa Tanzania meno ya plastiki. Ati yang'olewe, homa ikome. Bibi mzaa baba naye anahimiza.

Dada yangu, usikubali. Uvimbe ule si mdudu wala maradhi, ni jino la chonge linalojiandaa kutoka. Likichokolewa, huenda likaharibika pia jino la ukubwani lililo chini yake. Tena takriban nusu ya watoto wenye hali hii huzaliwa na kasoro ya moyo, na vijidudu vya jeraha la kinywani huweza kufuata damu hadi moyoni. Homa ina sababu yake. Mpeleke kwa daktari.

Kukawia kwenyewe ni kawaida yao. Watoto wengi huota jino la kwanza kwenye miezi 6. Hawa huweza kungoja mwaka mmoja hadi miwili, na baadhi ya meno hayaumbwi kabisa. Omba apimwe damu kwa ajili ya tezi ya shingo, kwani ikizembea, jambo linalowapata wengi wao, meno huzidi kuchelewa.

Akitimiza miaka 2 bila jino, muone daktari wa meno ya watoto, kama wale wa hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Eksirei itaonyesha kama jino lipo. Lililozuiwa na ufizi mnene huweza kufunguliwa njia kwa mkato mdogo. Lililonasa mfupani mara nyingi huangaliwa tu, na hung'olewa likileta usaha au likizuia la ukubwani. Ikihitajika dawa ya usingizi, taja habari za moyo, na ukumbushe kwamba shingo ya mtoto huyu isipindwe sana nyuma, maana viungo vyake ni vilegevu.

Bibi usijibizane naye. Nenda naye kliniki, asikie mwenyewe. Kwa sasa futa ufizi kila jioni kwa kitambaa safi chenye maji, na umpe ndizi na viazi vilivyopondwa. Ufizi mtupu hutafuna kuliko tunavyodhani.