Mifano Mitano Si Burhani

Mnamo mwaka 1640 Pierre de Fermat, hakimu wa mji wa Toulouse katika Ufaransa, aliyeipenda hisabati kuliko wengi walioifanya kuwa kazi yao, aliandika katika barua zake kwamba mtu akichukua 2 kwa kipeo cha 1, kisha cha 2, cha 4, cha 8, cha 16, na kuendelea hivyo akirudufisha kipeo, na kila mara akaongeza 1, hatapata ila namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa nafsi yake. Tano za mwanzo zilimuunga mkono, maana 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa. Burhani hakuwa nayo, na alikiri hivyo waziwazi. Lakini moyo wake ulikwisha tua. Ya sita ni 4,294,967,297, nayo ilikaa miaka 92 bila ya mtu kuivunja, hata mwaka 1732 Leonhard Euler, kijana wa miaka 25 aliyekuwa Saint Petersburg, akabainisha kuwa ni 641 mara 6,700,417.

Nayaleta haya gazetini kwa kuwa madarasani mwetu aghalabu kanuni huandikwa ubaoni, ikajaribiwa kwa mifano miwili mitatu ikakubali, na wanafunzi wakaamriwa kuihifadhi. Simlaumu mwalimu, ambaye mtihani humhimiza kutoka nyuma; naulaumu utaratibu unaomfanya mtoto aamini kwamba kukubali mara tatu ni kuthibiti. Fermat alikubaliwa mara tano, naye alikuwa Fermat.

Wala burhani si jambo la kuwatisha vijana. Tazama hii, ambayo haihitaji ila kalamu na subira. 641 ni 640 na 1. Basi 640 kwa kipeo cha 4, ikigawanywa kwa 641, husaza 1. Lakini 640 ni 5 mara 128, kwa hiyo kipeo chake cha 4 ni 625 mara 2 kwa kipeo cha 28. Sasa 625 ni 641 kasoro 16, na hiyo 16 ikizidishwa kwa 2 kwa kipeo cha 28 huzaa 2 kwa kipeo cha 32. Ukiziondoa 641 zote katika hesabu hiyo, hubaki kwamba 2 kwa kipeo cha 32, ikitolewa kwenye sifuri, nayo husaza 1. Maana yake ukiiongezea 1 itagawanyika sawasawa, pasi na baki. Na namba hiyo ndiyo 4,294,967,297.

Naomba wanaotunga mitaala watenge vipindi vichache vya sekondari kwa mambo kama haya, na mtihani uulize "kwa nini" pamoja na "ngapi". Wanafunzi waambiwe pia kwamba hadi leo hajatokea aliyepata namba tasa ya sita katika silsila ile ya Fermat, wala aliyethibitisha kuwa haipo.