Feza Inaombwa kwa Jina Letu, Hesabu Isomwe Sokoni!

Wandugu vijana wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare,

Machi 2005, kule Paris, wafadhili na serikali nyingi, yetu ikiwemo, walikubaliana: nchi inayosaidiwa ijipangie yenyewe, na kila upande utoe hesabu. Miaka 20 imepita. Hesabu hiyo inatoka Kinshasa, inaenda kwa mfadhili. Kwa mama muuza mihogo wa Nyangwe haifiki.

Sisi tunaona kibao na jeep. Bei ya kazi hatuioni. Pompe ikikufa, nani atalipa vyuma?

Eti "acheni makelele, wafadhili watakimbia." Januari 2025 Marekani ilisimamisha musaada wake, na si kwa sababu raia wa Maniema waliuliza bei! Kunyamaza hakulindi musaada.

Tunadai:

1. Mkataba wa kila mradi ubandikwe sokoni na usomwe kwa Kiswahili: feza ngapi, nani anajenga, siku gani anamaliza.
2. Malipo ya mwisho yasitoke kabla raia hawajakagua kazi.
3. Feza ya matengenezo na fundi wa hapa hapa viandikwe ndani ya mkataba.

Na serikali isijifiche nyuma ya ONG. Katiba, kifungu cha 175, inaipa mikoa 40% ya mapato ya taifa. Hiyo nayo tunaidai.

Musaada si zawadi ya mkubwa. Batu ba Nyangwe wanajua kuhesabu. Waonyesheni karatasi!