Kutembea Nako ni Zoezi la Askari

Katika mabweni ya askari, katika mesi za maofisa na katika vituo vya polisi kuna ubishi wa siku nyingi usiokwisha. Wapo wanaosema kwamba zoezi ni mchakamchaka, ni kupiga pushapu, kuruka vizuizi na kucheza mpira, na kwamba mtu anayetembea hajafanya zoezi lo lote bali amejipitishia wakati tu. Wapo wengine, hasa wale ambao umri umeanza kuwaandama, wanaosema kwamba kutembea kunatosha kabisa, na kwamba kukimbia ni kazi ya makuruta. Leo tunapenda kuutazama ubishi huu kwa makini, maana si mchezo wa maneno. Unahusu afya ya watu waliokabidhiwa silaha na usalama wa raia, na unahusu pia miaka watakayoishi baada ya kuvua sare.

Atakaye ushahidi na aende Nyakabuye. Hiyo ni sekta moja ya Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, katika sehemu ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa Mkoa wa Cyangugu. Chini yake liko bonde la Bugarama, lenye joto na mashamba ya mpunga, karibu na mahali ambapo Rwanda, Burundi na Kongo zinakutana. Huko ndiko iliko ardhi ya chini kabisa katika nchi nzima, yapata mita 950 juu ya usawa wa bahari. Juu yake ni vilima vinavyopanda kuelekea msitu wa Nyungwe, na katika sekta hiyo hiyo ndimo zilimo chemchemi za maji ya moto za Mashyuza. Mwenyeji wa huko hana safari isiyokuwa na mpando au mteremko.

Mwandishi wa maneno haya aliwahi kupanda njia moja ya Nyakabuye pamoja na askari kijana, hodari wa mpira, aliyesifiwa kikosini kwa mbio zake fupi. Nyuma yetu alikuja mama wa makamo akitoka bondeni, kichwani ana mkungu wa ndizi. Alitusalimu, tukamwitikia, akatupita. Hakukimbia hata hatua moja. Tulipofika juu alikwisha tua mzigo na kuanza mazungumzo na wenzake, nasi tulikuwa bado tunatafuta pumzi. Yule kijana akauliza: "Afande, huyu mama hufanya mazoezi gani?" Jibu lake ni fupi. Hufanya zoezi kila siku ya maisha yake, isipokuwa hajapata kuliita zoezi.

Huenda lugha yetu yenyewe imetuponza. Katika Kiswahili, kutembea ni kwenda kwa miguu, lakini ni pia kwenda kujiburudisha au kuzuru jamaa. Mtu aliye likizoni husema "nimekuja kutembea," hata kama amekuja kwa basi na hajatoka sebuleni tangu afike. Basi askari akisikia kwamba daktari amemshauri mwenzake atembee, hudhani ameambiwa apumzike. Kumbe ameandikiwa dawa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli kwa siku mbili au zaidi. Kutembea kwa haraka kumo waziwazi katika mazoezi ya kiasi. Maana yake ni kwamba anayetembea kwa haraka hapotezi wakati. Hulipa deni lile lile analolipa mkimbiaji, ila hulilipa kwa muda mrefu zaidi. Kwa hesabu ya mwongozo huo, dakika mbili za mwendo wa haraka ni sawa na dakika moja ya zoezi kali.

Ni mwendo gani basi unaostahili kuitwa wa haraka? Askari hana haja ya kuuliza, kwa kuwa alifundishwa siku ya kwanza ya kwata. Katika majeshi yaliyorithi gwaride la Kiingereza, mwendo wa haraka ni hatua 116 hadi 120 kwa dakika, na kila hatua ina urefu wa sentimita 75 hivi. Ukizidisha utapata kilomita tano na ushei kwa saa. Wataalamu wa afya nao wanasema kwamba hatua 100 kwa dakika ndiyo mwanzo wa zoezi la kiasi kwa mtu mzima. Kwa hiyo mwalimu wa kwata aliyetupigia kelele uwanjani alikuwa, bila ya kutuambia, akitutia pia afya ya moyo. Aliyekwisha sahau hesabu ya hatua na atumie kipimo cha pumzi: akiwa anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, mwendo wake unafaa. Akiweza kuimba beti zote bila ya kukatika pumzi, na aongeze hatua.

Jambo hili lina ushahidi wa siku nyingi. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mjini London. Madereva walikaa kitini kutwa nzima. Makondakta, katika mabasi yale yale, walipanda na kushuka ngazi mara nyingi ili kukata tiketi. Ikaonekana kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopatwa, maradhi yalichelewa kuwaua. Makondakta wale hawakuwa wanariadha. Kazi yao iliwalazimisha tu kutumia miguu. Dakta Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Kuhusu zile hatua 10,000 kwa siku ambazo watu huzitaja kana kwamba ni amri, yafaa ijulikane kwamba hesabu hiyo haikutoka maabara. Ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa nchini Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba faida huanza mapema zaidi, na kwamba sehemu kubwa ya faida hiyo mtu huipata akifikisha hatua 7,000 hivi. Asiyefika 10,000 asikate tamaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Na katika kazi yetu ya uaskari, mwendo wa miguu haukuanza jana. Mwandishi wa Kirumi Vegetius alieleza kwamba askari wa Roma walizoezwa kwenda maili 20 za Kirumi, karibu kilomita 30, kwa saa tano za majira ya kiangazi, na kwamba makuruta walibebeshwa mizigo wakiwa njiani. Mwaka 1979 askari wa Tanzania walipoelekea Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka mpaka wa Mutukula, askari wa miguu waliikata sehemu kubwa ya njia hiyo kwa miguu yao, wakiwa na silaha na mashanta. Hadi leo mjini Nijmegen, nchini Uholanzi, hufanyika matembezi ya siku nne yaliyoanza mwaka 1909, ambayo askari wa nchi nyingi huyashiriki wakiwa katika sare. Hutembea kilomita 40 kila siku, wengi wao wakiwa na mzigo usiopungua kilo 10. Anayesema kwamba hilo si zoezi na ajaribu siku mbili tu.

Hata hivyo, tusije tukavuka mpaka wa ukweli. Kutembea ni msingi wa nyumba. Si nyumba nzima. Mwili hujifunza kile unachofundishwa. Askari anayetembea tu atakuwa na moyo mzuri na miguu imara, lakini siku atakapotakiwa kuvuka uwanja wazi kwa mbio, kuruka ukuta au kumbeba mwenzake aliyejeruhiwa, mwili wake hautakuwa na jibu. Vivyo hivyo polisi anayemfukuza mhalifu sokoni hawezi kumwomba apunguze mwendo. Kwa askari aliye katika kikosi cha mapambano, mchakamchaka na mazoezi ya nguvu havina mbadala. Wale wanaotumia methali ya "mwenda pole hajikwai" ili kukwepa uwanja wa mazoezi wajue kwamba methali hiyo ilitungwa kuwaonya wenye pupa. Haikutungwa kuwatetea wavivu.

Tuseme pia kwamba kusimama si kutembea. Wapo wanaodai kwamba lindo la saa sita ni zoezi kubwa. Lindo ni kazi ngumu na ya heshima, lakini miguu isiyosogea haiusaidii moyo. Sote tumeona askari wazima wakianguka katika gwaride refu bila ya kuguswa na mtu. Sababu yake ni kwamba damu hutuama miguuni, na misuli ya ndama za miguu, ambayo kazi yake ni kuisukuma damu irudi juu, imelala. Atembeaye huiamsha misuli hiyo kwa kila hatua. Hiyo ndiyo tofauti ya askari wa lindo na askari wa doria, na anayetoka lindoni angali ana haja ya kutembea.

Kuna askari mmoja ambaye kila kikosi kinamfahamu, ingawa jina lake hubadilika. Alipokuwa kijana aliongoza mchakamchaka na sauti yake ilisikika kambi nzima. Akapandishwa cheo, akapewa meza, baadaye akapewa gari. Magoti yakaanza kumuuma, akaacha kukimbia. Alipoacha kukimbia aliacha kila kitu, kwa kuwa tangu ujana wake alikuwa ameambiwa kwamba kutembea si zoezi, naye akaona aibu kuonekana barabarani akitembea kama mgonjwa. Kitambi kikaja, presha ikafuata, kisha kisukari. Alistaafu kwa sherehe, na hakukaa sana na wajukuu wake.

Mtu huyo hakuuawa na adui wa nchi. Maneno ya mzaha ya wenzake yalimnyang'anya zoezi moja tu lililokuwa limembakia. Na hayuko peke yake, kwani maradhi yasiyoambukiza, yakiwamo ya moyo, kiharusi, saratani na kisukari, ndiyo yanayosababisha karibu robo tatu ya vifo vyote duniani. Hapo ndipo ulipo uzito wa ubishi huu. Kauli ya kwamba kutembea kunatosha humdhuru askari kijana. Kauli ya kwamba kutembea si kitu humdhuru mkubwa wake, na humdhuru zaidi, kwa sababu kijana atasahihishwa na mwalimu wake uwanjani, lakini mkubwa hana wa kumsahihisha.

Kwa hiyo tunatoa ushauri ufuatao. Askari wa ofisini, dereva, karani na mtunza ghala na atenge nusu saa kila siku, siku tano kwa juma, atembee kwa hatua za kwata. Kwa hesabu hiyo atatimiza zile dakika 150. Mwenye kilima karibu na kambi yake asikizunguke, bali akipande, kwani mpando huzidisha kazi ya moyo bila ya kuyatingisha magoti kama mbio. Atakayetaka kubeba shanta na aanze na mzigo mwepesi na kuuongeza polepole, bila ya kuzidi theluthi ya uzito wake, na avae buti zilizokwisha zoea mguu. Siku mbili kwa juma aongeze pushapu na mazoezi mengine ya misuli kwa kadiri ya uwezo wake. Mwenye maumivu ya kifua au presha ya juu aonane kwanza na mganga wa kikosi.

Kwa makamanda tuna ombi. Katika ratiba ya mazoezi, mwendo wa miguu uandikwe kwa jina lake na upimwe kwa saa na kwa umbali, ili askari aliyekatazwa na mganga kukimbia asibaki amekaa chini ya mti akiwatazama wenzake. Na mkubwa anayesubiri gari limpeleke kutoka ofisini hadi mesi, umbali wa mita mia tatu, aende kwa miguu mbele ya macho ya askari wake. Mfano huo utawafaa kuliko hotuba.

Raia nao wameanza kutuonyesha njia. Mjini Kigali, tangu mwaka 2016, barabara kadhaa hufungiwa magari katika Jumapili maalumu, na watu wa kila umri hujitokeza asubuhi kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, na hupimwa presha na sukari hapo hapo. Itakuwa ajabu kama mtu wa dukani atautunza moyo wake kuliko mlinzi wake.

Ndugu askari, tunafunga ubishi huu kwa kusema kwamba kutembea ni zoezi, iwapo mtu anatembea kama mwenye safari. Kijana na akimbie, na atembee pia. Asiyeweza tena kukimbia na atembee bila ya haya. Yule mama wa Nyakabuye hakutuuliza vyeo vyetu alipotupita kilimani. Alituamkia tu, akaenda zake.