Kuchora kwa mkono ni somo, si kipaji

Wiki chache baada ya kujiunga na chuo kikuu kusomea usanifu majengo, mpwa wangu alinitembelea siku ya Jumamosi akiwa na daftari kubwa la kuchorea alilolifunika kwa gazeti. Nilipomwomba anionyeshe kazi yake, alilikumbatia daftari lile kana kwamba lilikuwa na siri ya aibu. Hatimaye alilifungua. Walikuwa wametakiwa kuchora ngazi za jengo lao la mihadhara kwa muda wa dakika 20, bila rula wala kifutio, na ngazi zake zilikuwa zimelala kama mkeka uliokunjwa vibaya. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika neno moja tu: "Rudia."

"Mjomba," aliniambia, "hesabu nilipata A, fizikia nikapata A. Lakini hili la kuchora sina kipaji nalo. Afadhali nihamie uhandisi."

Kauli hiyo ya "sina kipaji" ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Naijua vyema. Nimeisikia katika vyumba vya walimu, katika mikutano ya wazazi, na hata katika vinywa vya wahadhiri wenzangu ambao lau wangeulizwa kama kusoma na kuandika ni kipaji, wangecheka. Mtoto wa darasa la kwanza anapoiandika herufi kinyumenyume hatumwambii kwamba hakuzaliwa na kipaji cha kuandika. Tunamshika mkono na kumwelekeza mpaka aipate. Lakini mtoto huyo huyo akichora ng'ombe mwenye miguu minne iliyopangwa tumboni kama misumari, darasa zima huangua kicheko, naye mwalimu humwambia arejee kwenye hesabu zake. Miaka 12 baadaye tunamteua yule aliyeshinda wote katika hesabu hizo, tunampeleka katika kitivo cha usanifu majengo, tunamkabidhi penseli, kisha tunashangaa kwamba hajui kuitumia.

Mimi ni mtoto wa 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985. Wakati wetu Sanaa na Ufundi lilikuwa somo la kutahiniwa katika mtihani wa KCPE. Sitadai kwamba tulifundishwa kuchora kwa dhati, kwani mimi nakumbuka zaidi jinsi tulivyokariri majina ya rangi za msingi kuliko jinsi tulivyozichanganya. Hata hivyo kipindi kilikuwepo kwenye ratiba, na penseli tulizishika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo liliondolewa katika orodha ya masomo ya mtihani. Mwalimu yeyote anajua yanayolifika somo lisilotahiniwa: kipindi chake hubaki ukutani, darasani hufundishwa jingine. Mtaala wa Umilisi, ambao utekelezaji wake kote nchini ulianza mwaka 2019 katika madarasa ya chini, umeirudishia sanaa nafasi yake, nami naupongeza kwa hilo. Hata hivyo wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo bado hawajagonga mlango wa chuo kikuu. Wanaoketi huko leo ni akina mpwa wangu.

Nilimwambia asihame kwanza. Nilimwahidi, pengine kwa pupa, kwamba tungejifunza pamoja. Mimi ni mwanaisimu. Kazi yangu ni sauti na maneno, na mchoro wangu wa mwisho ulikuwa wa ulimi na kaakaa ubaoni, ambao wanafunzi huuliza kama ni kiatu.

Tulianza na kiti cha mbao barazani. Nilichora kiti chenye miguu minne yenye urefu sawa na mahali pa kukalia palipo mraba kamili, kama kwamba mtu alikuwa amening'inia darini akikitazama kutoka juu. Mpwa wangu alichora kama mimi. Tulipoviweka vichoro vyetu kando ya kiti chenyewe, tuliona kwamba hakuna aliyekuwa amekitazama. Kila mmoja alikuwa amechora kiti anachokijua: miguu minne, sawa kwa sawa, na mraba juu yake. Kiti kilichokuwa mbele yetu kilikuwa na mguu mmoja uliofichika nusu, miwili ya mbele iliyoonekana mirefu kuliko ya nyuma, na mahali pa kukalia palipobanwa kama jani la mgomba lililoanguka.

Hapo nilipata kuuelewa ugonjwa, maana nimeutibu miaka mingi katika darasa langu mwenyewe. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wapya neno "mtu" lina silabi ngapi. Si wachache wanaojibu kwamba ni moja, kwa sababu wanaona irabu moja. Nawaambia walitamke huku wakipiga makofi, nayo makofi hulia mawili: m-tu. Tunafanya vivyo hivyo na "nchi", n-chi. Hawa ni vijana waliolitamka neno hilo sawasawa tangu walipoanza kusema, ila tahajia imewaziba masikio. Wanaandika kile wanachokijua badala ya kile wanachokisikia. Dawa yake ni zoezi linalolazimisha sikio kuamka, na sijawahi kumwona mwanafunzi akishindwa nalo kwa kukosa kipaji.

Walimu wa kuchora wana mazoezi yao ya kuliamsha jicho, na hayakuanza jana. Kimon Nicolaïdes, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1941, aliwataka wanafunzi waufuate ukingo wa kitu kwa jicho polepole huku penseli ikitembea karatasini bila wao kuitazama karatasi. Betty Edwards, katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliwageuzia picha juu chini wainakili hivyo hivyo, ili wasiweze kusema "hili ni pua" na kuchora pua waliyoizoea. Tuliyajaribu yote mawili. Katika zoezi la kwanza kiti changu kilifanana na mzizi uliong'olewa, lakini kila mpindo wa mzizi ule ulikuwa wa kweli. Kisha tukajifunza kupima: unaunyoosha mkono hadi kiwiko kisikunjike, unafumba jicho moja, unaisimamisha penseli na kuuteleza ukucha juu yake mpaka ulingane na urefu wa mguu wa kiti, halafu unauliza upana wake unaingia mara ngapi. Tulijifunza pia kuchora pengo lililo kati ya miguu badala ya miguu yenyewe. Pengo halina jina, kwa hiyo akili haina picha yake ya kukuletea, na jicho halina budi kufanya kazi.

Jioni ya wiki ya tatu ndipo mpwa wangu alipoligundua kosa la ngazi zake, na aliligundua mwenyewe. Alikuwa ameketi chini kuzichora, jicho lake likiwa karibu na kidato cha tano. Vidato vilivyo chini ya jicho huonyesha mahali pa kukanyagia. Kidato kilicho sawa na jicho huwa mstari tu. Vilivyo juu ya jicho havionyeshi pa kukanyagia hata kidogo, huonyesha uso wa mbele peke yake. Yeye alikuwa amechora vidato vyote kana kwamba anavitazama kutoka juu, kwa sababu anajua kwamba kidato kina pa kukanyagia. Alirudi chuoni akazichora upya, na mara hii zilisimama. Haukuwa muujiza. Mistari ilitetemeka, vivuli vilikuwa vizito mno, na alama aliyopewa ilikuwa ya kadiri. Lakini hakulitaja tena neno uhandisi.

Yote haya yangekuwa hadithi ya nyumbani kama si yaliyotokea mwaka uliofuata, darasa lao lilipopelekwa Lamu. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, na wasomi wa usanifu wamekuwa wakiuchora tangu zamani. Usam Ghaidan, aliyekuwa akifundisha usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha kitabu juu ya mji huo mwaka 1975. Kabla yake Peter Garlake, mtu aliyesomea usanifu majengo kabla ya kuingia katika akiolojia, alikuwa amechapisha mwaka 1966 kazi juu ya majengo ya kale ya pwani yetu, ikiwa na michoro ya misikiti na nyumba alizozipima.

Mpwa wangu aliporejea alikuja na daftari lake, mara hii bila gazeti. Alikuwa amechora nyumba ya kale ya mawe kana kwamba imekatwa kwa kisu kutoka mlangoni hadi ndani kabisa: daka, tekani, kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, na ndani yenye zidaka ukutani. Maneno hayo nilikuwa nikiyafahamu kabla hajazaliwa. Nimeyatolea mifano darasani nikieleza jinsi Kiamu kinavyosema "tini" na "yuu" pale ambapo Kiswahili sanifu kinasema "chini" na "juu". Nami siku zote nilidhani kwamba msana wa tini uko ghorofa ya chini na msana wa yuu uko ghorofa ya juu! Mchoro wa binti huyu ulinionyesha kwamba misana yote miwili iko ghorofa moja, mmoja nyuma ya mwingine, na sakafu hupanda kidogo kadiri unavyozidi kuingia ndani. Daktari wa falsafa katika isimu alifunzwa maana ya neno lake mwenyewe kwa penseli ya mwanafunzi wa mwaka wa pili. Sikuona haya. Niliomba nakala ya mchoro, nayo sasa naitumia darasani.

Alikuwa na swali pia. Kwa nini vyumba hivi ni virefu na vyembamba kama ushoroba, hata katika nyumba za matajiri? Alijiuliza hilo alipokuwa akichora chumba cha tatu na kuona kwamba penseli yake inampa upana ule ule. Akatazama dari, akaona boriti za mkoko zimepangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Urefu wa boriti zinazoweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ndio unaoamua upana wa chumba, takriban mita 3 au pungufu. Jambo hili limo vitabuni, lakini yeye alilifikia kwa mkono wake, na sidhani atalisahau.

Sasa nawageukia wale wanaosema kwamba haya yote yamepitwa na wakati. Hoja yao si ya kupuuzwa. Ivan Sutherland alionyesha mwaka 1963 kwamba mtu anaweza kuchora kwenye kioo cha tarakilishi. Programu ya AutoCAD ilitoka mwaka 1982. Na leo ofisi ya usanifu isiyo na tarakilishi ni sawa na duka lisilo na mizani. Siwaombi vijana waitupe. Hata msanifu Mmarekani Michael Graves, aliyeandika mwaka 2012 katika gazeti la New York Times kuitetea michoro ya mkono, hakukana kwamba tarakilishi ina kazi yake. Lakini katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, nimeelezwa kwamba saa za kuchora kwa mkono zimepunguzwa ili programu zipate nafasi, na kwamba mkuu mmoja aliuliza ni kwa nini mwanafunzi afundishwe kwa muhula mzima kitu ambacho mashine inakifanya kwa dakika moja.

Juzi tuliijaribu hiyo dakika moja. Mpwa wangu aliiandikia programu mojawapo ya hizi za akili bandia impe picha ya chumba cha ndani katika nyumba ya kale ya Lamu. Picha ilikuja upesi na ilikuwa nzuri ajabu: zidaka zilizonakshiwa, taa za shaba, mwanga wa jua ukiingia kiubavu. Mimi niliipenda. Yeye aliitazama kitambo, akaangua kicheko. Chumba kilikuwa kipana kama ukumbi wa harusi.

"Mjomba," aliuliza, "hizo boriti wamezikata wapi?"

Mwanafunzi ambaye hajawahi kuketi sakafuni na kukipima chumba kile kwa penseli angeipokea picha ile, angeibandika katika mradi wake, na kama hakuna wa kumkanya, siku moja angejaribu kuijenga. Kwa hiyo nawasihi wakuu wa vitivo waziache saa za kuchora katika mwaka wa kwanza zilivyokuwa, na wasiziweke jioni ya Ijumaa, wakati kila mtu anawaza basi la kwenda nyumbani. Wenzangu wa shule za msingi, ambao sasa mna sanaa kwenye ratiba, kipindi hicho msikigeuze kuwa cha marudio ya hesabu. Hamhitaji kuwa wachoraji. Wekeni kiti mbele ya darasa, mketi miongoni mwa watoto, nanyi mkichore pamoja nao. Watoto wakikicheka kiti cha mwalimu, waulizeni ni mguu upi uliokosewa, na warudi kukitazama kiti.

Mpwa wangu sasa yuko mwaka wa nne. Mimi bado nachora kiti kile kile barazani kila Jumapili, na mguu wa nyuma wa kushoto ungali unanishinda.