Operesheni Imefanikiwa, Mguu Je?

Nimekuwa kimya kwa muda mrefu, wadau. Mlionitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kuandika, asanteni. Sijaacha. Nilikuwa nauguza mguu, na nilipoanza kupona nikapata hasira, na mtu mwenye hasira ni afadhali akae kimya kwanza. Sasa hasira imepoa kiasi cha kuandikika. Naomba mnisikilize.

Kwa ambao hawakupata habari: mwezi Juni mwaka jana, kwenye bonanza la waandishi wa habari hapa Dar, niliruka kupiga mpira wa kichwa, nikatua juu ya mguu wa beki wa gazeti jingine, enka ikageuka. Waliokuwa karibu wanasema walisikia sauti. Mimi sikusikia kitu, niliona tu unyayo wangu unatazama upande usiotakiwa. Hospitali wakapiga picha, wakakuta mfupa mwembamba wa nje umevunjika juu kidogo ya kifundo na kano za ndani zimechanika. Wakanipasua, wakaniwekea kipande cha chuma na skrubu saba.

Niseme mapema ili tusielewane vibaya. Daktari aliyenipasua alifanya kazi nzuri, na sina ugomvi naye kuhusu chuma. Ugomvi wangu unaanzia pale alipomalizia.

Siku ya kuruhusiwa nilipewa vidonge vya maumivu, magongo mawili na tarehe ya kurudi. Baada ya wiki 6 nikarudi, wakakata hogo, wakapiga picha nyingine. Daktari akaiangalia, akasema, "Mfupa umeunga. Hongera, kijana." Nikamuuliza, "Na mpira, daktari?" Akacheka. "Mpira wa nini tena? Wewe mshukuru Mungu unatembea." Basi, ikawa imekwisha. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika hadi mlangoni, nami nikaona aibu kuuliza zaidi.

Jamani, sikuwa natembea. Nilikuwa naburuta mguu. Shavu la mguu lilikuwa limekonda, ngazi za ofisini nilizishuka kiubavu nimeshika ukuta, na daladala ikianza kuondoka kabla sijakaa ilibidi jirani anidake. Choo cha kuchutama kilikuwa mtihani ambao sitausimulia hapa. Mwezi wa 5 baada ya operesheni nilikuwa bado hivyo, na kila niliyemweleza alinipa jibu lile lile: mshukuru Mungu.

Mwezi Desemba nikachukua likizo, nikaenda Ushongo. Kwa wasiopajua, Ushongo ni kijiji cha wavuvi mkoani Tanga, kusini ya mto Pangani. Ukitoka Pangani mjini unavuka mto kwenda Bweni, halafu unafuata njia ya kusini katikati ya mikonge na minazi. Ndiko kwao mama yangu. Maji yakikupwa ufukwe unakuwa mpana na mgumu, na vijana wanasakata kabumbu pale mpaka magharibi. Mpira nilijifunzia hapo. Nilikwenda nikitaka kuujaribu mguu mahali ambapo hakuna mwandishi mwenzangu wa kunicheka.

Nilicheza dakika 5. Mpira wa kwanza niliougeukia, mguu ulikataa, nikajikuta nimekaa chini. Mtoto wa kama miaka 12 akanifuata kwa adabu zote: "Pole, kaka. Labda ukae golini." Nikatoka, nikaenda kujibanza kwenye kivuli cha ngalawa.

Ndipo nikamwona mama mmoja wa Kizungu, mgeni wa hoteli za pale, umri wa mama yangu hivi. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja mchangani, amefumba macho, anahesabu. Kisha akakaa, akazungusha kamba ya mpira kwenye unyayo, akaanza kuuvuta na kuuachia. Kwenye kifundo, upande wa nje, ana kovu. Nikatazama la kwake, nikatazama la kwangu. Kama vile tulishonwa na fundi mmoja.

Uandishi una faida zake, huoni haya kumwendea mtu usiyemjua. Akaniambia anatoka Austria na alivunjika mwezi Februari akicheza ski, ule mchezo wa kuteleza kwenye milima ya theluji kwa mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni. Kifundo kilekile, chuma kilekile, skrubu zake sita. Mwezi uliofuata alikuwa anarudi kwenye theluji. Hakuwa anajiuliza kama atarudi. Alikuwa na tarehe.

Nikamuuliza siri ni nini. Hakunielewa. Siri gani? Akafungua mkoba, akatoa karatasi moja iliyochakaa kwa kukunjwa. Hiyo ndiyo aliyopewa na mtaalamu wa fiziotherapia, mtu aliyekuwa anamwona kila wiki tangu hogo lilipotoka, kwa gharama ya bima yake. Wiki hizi fanya hivi, wiki zile ongeza hiki. Kusimama kwa vidole, kwanza miguu miwili, halafu mmoja. Kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30, halafu ukiwa umefumba macho. Kuvuta mpira pande zote nne. Kutembea ndani ya maji, kwa sababu maji ya kiunoni yanakubebea karibu nusu ya uzito wako. Kuruka mwishoni kabisa.

Akanionyesha na kipimo. Unaweka unyayo mbele ya ukuta, unakunja goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, halafu unapima vidole viko mbali kiasi gani na ukuta. Tulipimana kwenye ukuta wa nyumba ya mjomba wangu. Mguu wangu mzima ulifika sentimita 11. Ule uliopasuliwa, 3. Wa kwake ulikuwa unakaribia mwenzake. Akanieleza kwamba kiatu cha ski kinamlazimisha mtu akunje kifundo kwenda mbele muda wote, kwa hiyo bila kipimo hicho hakuna ski. Na akanieleza kitu ambacho hospitali hakuna aliyenitamkia: kano za kifundo ndizo zinazouambia ubongo mguu uko wapi. Zikichanika, na mguu ukakaa wiki kadhaa kwenye hogo, taarifa hiyo inapungua, na lazima uifundishe upya. Ndiyo maana nilianguka mchangani. Mfupa ulikuwa umeunga kweli. Ila mguu ulikuwa haujui uko wapi.

Mjomba alikuwa amekaa kizingitini anashona nyavu, anatusikiliza. Yeye naye alivunjika kifundo, miaka mingi iliyopita, akishua ngalawa bahari ikiwa chafu. Aliungwa kwa mabanzi na fundi wa mifupa wa kijiji, akalala ndani miezi mitatu. Tangu hapo kifundo hakikunji. Hawezi kuchutama ndani ya ngalawa, hawezi kusimama kwenye matengo chombo kikiinama, na msikitini anaswali amekaa kwenye kiti. Alikuwa nahodha. Sasa anashona nyavu za wenzake. Akaniuliza, "Mwanangu, hayo mazoezi na sisi tulikuwa tuambiwe na nani?"

Nikakosa jibu. Hapo ndipo hasira niliyosema ilipoanza.

Maana mjomba hakutaka ski. Mimi sitaki kombe. Sentimita zile za ukutani kwa mama wa Austria ni likizo ya theluji, lakini kwa mjomba ni riziki, ni sujudu, ni heshima ya kwenda chooni bila kushikwa mkono. Halafu tunaambiwa mazoezi ya kurudisha viungo ni anasa ya wanamichezo wa Ulaya! Anayeyahitaji zaidi ni nani, anayekaa kwenye kiti ofisini au anayekula kwa miguu yake?

Msiniambie kwamba wale miili yao ni tofauti. Wapenda Ligi Kuu ya Uingereza mnakumbuka tarehe 3 Novemba 2019, Everton na Tottenham, André Gomes alivyovunjika kifundo hadi wachezaji wakaziba nyuso. Kesho yake akapasuliwa. Tarehe 23 Februari 2020 akaingia uwanjani dhidi ya Arsenal. Haijafika miezi minne. Na yule mama alinikumbusha Hermann Maier, bingwa wao wa ski, ambaye Agosti 2001 aligongana na gari akiwa kwenye pikipiki. Mguu uliumia kiasi kwamba madaktari walifikiria kuukata. Akaikosa Olimpiki ya 2002. Januari 2003 akarudi mashindanoni, na kabla mwezi huo haujaisha akashinda Kitzbühel, kwao. Mwaka 2004 akawa bingwa wa jumla wa Kombe la Dunia.

Ajali ya pikipiki, mguu kuvunjika, chuma ndani. Hiyo habari mnaijua, wadau. Wodi zetu za mifupa zimejaa vijana wa bodaboda wenye habari hiyo hiyo. Chuma cha Maier na chuma cha kijana wa bodaboda havitofautiani sana. Kinachotofautiana ni kinachofanyika baada ya nyuzi kutolewa.

Najua nitajibiwa kwamba nchi ni maskini na wataalamu ni wachache. Ni wachache kweli, ingawa KCMC pale Moshi imekuwa ikiwafundisha kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linasema watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambazo zingenufaika na huduma hizi, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaozihitaji hawazipati. Kwa hiyo si sisi peke yetu. Lakini karatasi moja ya Kiswahili inagharimu shilingi ngapi? Ile kamba ya mpira ya mama yule, mjomba aliiangalia mara moja, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na tyubu ya baiskeli aliyoikata kwa kisu. Inavuta vizuri kuliko ya dukani. Bahari ya kutembelea maji ya kiunoni, Ushongo hailipiwi kiingilio.

Nitajibiwa pia kwamba wagonjwa wenyewe hawarudi kliniki. Ni kweli. Toka Ushongo, vuka mto, fika Pangani, panda gari kilometa zaidi ya 40 mpaka Tanga, halafu urudi, kila wiki, mguu wenyewe mbovu na kazi huendi. Nani atarudi? Hiyo ndiyo sababu ya kumfundisha kabla hajatoka wodini, yeye na ndugu anayemuuguza.

Na lile la "mshukuru Mungu"? Namshukuru. Ila shukrani haijawahi kuwa tiba, na kuitumia kumnyamazisha mgonjwa anayeuliza swali la haki ni kumsingizia Mungu uzembe wetu.

Sitaki kuwaonea madaktari peke yao, kwa sababu mimi mwenyewe nina hatia. Nimeandika habari ngapi za "operesheni yafanikiwa"? Picha ya majeruhi anatabasamu, daktari pembeni, mgeni rasmi katikati. Sikuwahi hata mara moja kurudi miezi mitatu baadaye kuuliza yule mtu anatembeaje. Mhariri angeniuliza habari iko wapi. Habari ilikuwa hapo, ndugu mhariri, inaburuta mguu.

Kwa hiyo ninayodai ni haya. Mosi, asitoke mtu hospitali na chuma mguuni bila kuonyeshwa mazoezi yake kwa vitendo na kupewa karatasi ya Kiswahili, yenye wiki na michoro. Pili, siku ya kukata hogo, pamoja na picha ya mfupa, kupimwe na kukunja na kusimama kwa mguu mmoja. Ukuta upo kila hospitali. Tatu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023. Mazoezi ya kurudisha viungo yahesabiwe humo kama sehemu ya tiba, sawa na dawa na kisu. Nne, sisi waandishi turudi kwa wagonjwa wetu.

Tahadhari moja kabla sijalaumiwa: usianze kuruka kwa sababu umesoma hapa. Mfupa uwe umeunga na daktari awe amesema, na ukiona maumivu au uvimbe vinazidi, simama, urudi ukaulize. Safari hii uulize mpaka ujibiwe, foleni ikasirike ikitaka.

Mimi nilikaa Ushongo wiki 3. Asubuhi maji ya kiunoni, jioni tyubu ya baiskeli. Siku ya kuondoka ukuta ulisema sentimita 6, na nikacheza dakika 20, tena si golini. Nimebakiza 5.

Mjomba naye anavuta tyubu yake. Kifundo chake kiliunga vibaya zamani, na sikumdanganya kwamba kitarudi chote. Jana alinipigia simu kusema sasa anasimama kwa mguu ule sekunde 12 bila kushika kitu. Akauliza nahodha anahitaji sekunde ngapi. Nikamwambia yeye ndiye nahodha, anajua.

Naomba kuwasilisha. Kama una chuma mwilini, niambie: uliporuhusiwa ulipewa nini zaidi ya vidonge?