Akiba ya utulivu huwekwa wakati wa mavuno



Mkazi wa Dodoma hahitaji kufundishwa maana ya akiba. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, nayo kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 700 kwa mwaka. Baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi. Ndiyo maana wazee wa nyanda hizi walishikamana na mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame, na wakasuka vihenge vya kuhifadhia nafaka. Hakuna mkulima mwenye akili timamu anayeanza kusuka kihenge siku ambayo watoto wanalia njaa. Leo napenda tuizungumzie akiba ambayo wengi wetu hatuiweki, nayo ni akiba ya utulivu wa moyo.

Yupo dada mmoja, jirani yangu, ambaye ameniruhusu niyaeleze yaliyompata bila ya kulitaja jina lake. Ni mama wa watoto wanne, naye hupika maandazi na kuyauza asubuhi. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, mvua ilichelewa na shamba la alizeti la mumewe likawa linangoja mbegu. Mtoto wao mkubwa alikuwa anatarajiwa kuanza kidato cha kwanza Januari, na ingawa ada imefutwa, sare, madaftari na nauli havikufutwa. Siku moja, akiwa ndani ya daladala akienda kununua unga Soko la Majengo, moyo ulianza kumwenda mbio, mikono ikafa ganzi, pumzi ikawa fupi, jasho likamtoka. Akaamini kwamba anakufa. Akashuka njiani na kurejea nyumbani kwa miguu.

Hospitalini alipimwa, akaambiwa moyo wake hauna ugonjwa. Badala ya kumtuliza, jibu hilo lilimzidishia hofu, kwani sasa hakujua ana nini. Jamaa mmoja akasema ni jini. Mwingine akamwambia imani yake ni haba. Wa tatu akacheka na kusema kilichobaki ni Mirembe. Dada yule akanyamaza. Akaacha kupanda daladala, kisha akaacha kwenda sokoni, kisha maandazi yakakoma. Mwezi wa Januari ulipofika, kilichoitikisa nyumba ile hakikuwa ukame tena, bali hofu ya mama.

Ndugu msomaji, kwanza tuifahamu hali yenyewe. Allah (s.w.) ameuumba mwili uwe na tahadhari. Mtu akikutana na chui, moyo huenda mbio ili upeleke damu miguuni, pumzi huongezeka, misuli hukaza. Hiyo ni rehema, kwani bila ya hofu mwanadamu asingeokoka. Tatizo ni pale mwili unapopiga king'ora hicho hicho kwa ajili ya sare ya shule au mawingu yaliyopita bila kunyesha. Dalili zinatisha, lakini hofu ya namna ile hupanda kama wimbi, mara nyingi hufikia kilele ndani ya dakika 10, kisha hushuka. Mwenye kulijua hilo tayari ameshapata nusu ya silaha.

Pili, tuache kumhukumu mwenye wasiwasi kwa imani yake. Suratul Qasas inatusimulia hali ya mama yake Nabii Musa (a.s.) baada ya kumtia mwanawe mtoni. Alikuwa na ahadi ya Mola wake kwamba mtoto atarejeshwa kwake, na bado moyo wake ulibaki mtupu, akakaribia kuifichua siri, lau si Allah kumtia nguvu. Nani atathubutu kusema imani ya mama yule ilikuwa haba? Na tazama alichofanya baada ya hapo: alimtuma dada yake Musa akafuatilie ukingoni. Hakuweza kuuzuia mto, lakini aliweza kumtuma binti.

Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi, akieleza kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua. Alizungumzia hasira, huzuni, hofu na wasiwasi. Nasaha yake moja inafaa kubandikwa katika kila nyumba: kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya maradhi, basi na aweke fikra njema za kumtuliza wakati yu mzima, ili dharura ikimfika azikute tayari. Huo ndio mkulima na kihenge chake.

Basi tuweke nini katika kihenge hicho? Nitataja mambo manne, yote hayagharimu hata shilingi.

La kwanza ni pumzi. Baada ya Swala ya Alfajiri, kabla hujainuka kwenye mswala, kaa umetulia. Vuta pumzi taratibu kwa pua huku ukihesabu moja hadi nne, tumbo lijae. Itoe taratibu zaidi, ukihesabu hadi sita. Endelea hivyo kwa dakika tano. Pumzi inayotoka polepole huuambia mwili kwamba hatari imepita, na mapigo ya moyo hushuka. Wengi hujaribu jambo hili kwa mara ya kwanza wakiwa katikati ya hofu, likawashinda, wakasema halifai. Lifanye kila siku ukiwa salama, nalo litakutii siku ya shida. Ukipenda, ambatanisha pumzi na dhikri, kwani Mola wetu ametufundisha katika Suratur Ra'd kwamba nyoyo hupata utulivu kwa kumkumbuka Yeye.

La pili ni kuirejesha akili mahali ulipo. Hofu huishi katika kesho. Inapokujia, taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa na kimoja unachokionja. Na sisi Waislamu tunalo zoezi la namna hii mara tano kwa siku, nalo ni udhu. Usitawadhe kama anayekimbizwa. Yasikie maji yakipita kwenye kiganja, usoni, kwenye viwiko na miguuni. Maji haba ya Dodoma yanatosha kabisa kwa hilo.

La tatu ni kuupangia wasiwasi saa yake. Usiku ndio wakati mbaya zaidi wa kuhesabu madeni. Chagua dakika 20 baada ya Swala ya Alasiri, chukua daftari, na andika kila linalokusumbua. Kisha ligawe ukurasa. Upande mmoja weka yaliyo mikononi mwako, na upande wa pili yale yasiyo mikononi mwako. Mvua haimo mikononi mwako. Kuuliza bei ya sare kwa fundi wa mtaani kumo. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza bwana mmoja amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Allah. Upande wa kwanza wa daftari ni kamba ya ngamia, na upande wa pili ni dua. Fikra ikikujia saa nane za usiku, iambie kwamba saa yake ni kesho Alasiri.

La nne ndilo gumu, nalo ni kutokimbia. Kila mara dada yetu aliposhuka kwenye daladala alipata nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyomfundisha mwili wake kwamba daladala ni hatari. Dawa yake ni kurejea hatua kwa hatua. Wiki ya kwanza alikwenda kituoni pamoja na binti yake, akasimama, akapumua, akarudi. Wiki ya pili alipanda kwa kituo kimoja. Hofu ilikuja, naye akakaa nayo mpaka ikashuka yenyewe. Baada ya mwezi na nusu alifika Majengo na kurudi na unga. Aliniambia, "Mama, moyo ulidunda njia nzima, lakini safari hii sikuuamini."

Mumewe naye alikuwa na fungu lake, na hili nawaambia akina baba. Hakumwambia "acha woga". Alimsindikiza. Aliahirisha mazungumzo ya fedha yaliyokuwa yakifanyika kitandani, yakahamia mchana. Akakubali chai kali ya usiku ipungue, maana majani ya chai na kahawa huongeza mapigo ya moyo na kufukuza usingizi.

Hata hivyo, kihenge cha nyumbani kina mpaka wake. Ikiwa hofu imedumu kwa wiki kadhaa, inakuzuia kazi, usingizi au chakula, au ikiwa umeanza kutamani kufa, usingoje. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo, na nenda kituo cha afya kilicho karibu. Maumivu ya kifua na moyo kwenda mbio yapimwe kwanza hospitalini, kwani si kila mapigo ni ya wasiwasi. Na kuhusu Mirembe, hospitali iliyopo hapa kwetu tangu miaka ya 1920, ni wakati wa kuacha kulifanya jina lake kuwa tusi. Wanaohudumiwa pale ni ndugu zetu, na wengine huonana na daktari na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kisomo na dua ni haki ya mgonjwa, na kutafuta tiba vilevile ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.). Kimoja hakimfukuzi mwenzake.

Dada yetu amerudi kwenye maandazi yake. Wasiwasi haujamwacha kabisa, na mwaka huu pia Novemba itafika, mawingu yatapita, na macho yatatazama juu. Lakini kila Alfajiri anaketi kwenye mswala wake dakika tano, na binti yake mdogo ameanza kuketi pembeni yake akihesabu pumzi kwa vidole.

Tuanze leo, tungali salama. Mwenyezi Mungu azijaze nyoyo zetu utulivu na ardhi yetu mvua ya kheri. Amin. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah. Wabillahi tawfiq.